Simba ya Benchikha: Kocha mpya, kikosi kilekile

Na Mwandishi Wetu, Namanyere

MASHABIKI wa soka wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, hawana haja ya kusimuliwa habari za Samson Mbangula. Oktoba 22, 2020, wakati Tanzania Prisons ya Mbeya ilipokuwa ikiutumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kuwa uwanja wake wa nyumbani, mshambuliaji huyo aliifunga Simba bao pekee la mchezo, na mabingwa watetezi wakarejea Dar es Salaam mikono mitupu.

Kipigo kile kilikuwa ajali. Simba ilijikung'uta vumbi, ikaendelea na safari yake, na msimu huo wa 2020/21 ulipomalizika ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mara ya nne mfululizo.

Machi 6, 2024, Mbangula huyohuyo, akiwa na Prisons hiyohiyo, aliitungua Simba mabao mawili katika Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro. Prisons ikashinda 2-1. Safari hii hapakuwa na vumbi la kujikung'uta. Wiki chache baadaye Simba ilikuwa imetolewa katika michuano miwili, imefungwa na watani wake wa jadi, na kocha wake Abdelhak Benchikha alikuwa ameondoka.

Kwa nini kipigo kutoka kwa timu ileile na mfungaji yuleyule kiliponywa kirahisi mwaka 2020, lakini mwaka 2024 kikawa dalili ya maradhi? Katika vijiwe na vibanda umiza, kuanzia Kariakoo hadi huku Ufipa, jibu lilikuwa moja: kocha. Ni jibu jepesi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni jibu linaloificha Simba isione inapoumwa.

Msimu ulianza kwa shangwe

Ikumbukwe kwamba msimu wa 2023/24 haukuanza vibaya kwa Wekundu wa Msimbazi. Agosti 13, 2023, kwenye Uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, Simba ilitwaa Ngao ya Jamii kwa kuifunga Yanga kwa mikwaju ya penalti, kipa Ally Salim akiwa shujaa wa siku hiyo.

Oktoba 20, 2023 timu hiyo, ikiwa chini ya Mbrazili Roberto Oliveira 'Robertinho', ilifungua michuano mipya ya African Football League kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa mbele ya Rais wa FIFA, Gianni Infantino. Ilitoka sare ya 2-2 na Al Ahly ya Misri. Siku nne baadaye jijini Cairo ikapata sare nyingine ya 1-1, ikatolewa kwa sheria ya mabao ya ugenini. Wengi waliamini kwamba timu iliyoweza kusimama na Al Ahly mara mbili bila kupoteza mchezo ilikuwa imeiva.

Ndipo ikafika Novemba 5, 2023. Yanga ilishinda 5-1. Kennedy Musonda alifungua hesabu mapema, Kibu Denis akasawazisha, na kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga mawili, huku Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua wakiongeza moja moja. Robertinho, ambaye alikuwa hajapoteza mchezo wa ligi msimu huo, alifutwa kazi siku mbili baadaye.

Mtu anaweza kuelewa hasira ya viongozi. Mabao matano mbele ya mtani si jambo la kulala nalo. Lakini uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa kumbadilisha mtu mmoja, wakati mechi ile ilikuwa imeonyesha kasoro ya watu kumi na mmoja. Kipindi cha pili viungo wa Simba walishindwa kukimbizana na wenzao na safu ya ulinzi ikabaki wazi. Upungufu wa namna hiyo ni wa nguvu na kasi, wala hauponywi na mtu anayekaa kwenye benchi.

Mgeni aliyeletwa na sifa

Novemba 24, 2023 Simba ilimtangaza Benchikha, raia wa Algeria. Sifa zake hazikuwa za kutilia shaka. Miezi michache kabla, akiwa na USM Alger, alikuwa ametwaa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kuitoa Yanga katika fainali kwa faida ya mabao ya ugenini, baada ya kushinda 2-1 Dar es Salaam na kufungwa 1-0 nyumbani kwake. Kisha akaifunga Al Ahly 1-0 na kutwaa Super Cup ya Afrika.

Kwa shabiki wa Simba, huyo alikuwa mtu aliyewahi kumliza mtani. Hakuna sifa inayouzika Msimbazi kuliko hiyo. Lakini Yanga ilikuwa imefungwa na USM Alger, na katika mkoba wake Benchikha hakuja na mchezaji hata mmoja wa USM Alger.

Alianza kwa sare ya 0-0 ugenini kwa Jwaneng Galaxy ya Botswana, akafungwa 1-0 na Wydad Casablanca nchini Morocco, kisha Desemba 19, 2023 akailipa Wydad kwa 2-0 jijini Dar es Salaam, mabao yote yakifungwa na Willy Onana. Machi 2, 2024 Simba iliichakaza Jwaneng 6-0 na kutinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilikuwa pia kisasi, kwa kuwa Oktoba 2021 Jwaneng hiyohiyo iliifunga Simba 3-1 kwenye Uwanja wa Mkapa na kumfanya kocha Didier Gomes aondoke.

Nje ya michuano hiyo, hata hivyo, nyufa zilikuwa zikipanuka. Januari 13, 2024 Simba ilifungwa 1-0 na Mlandege katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Katika dirisha dogo la mwezi huohuo, klabu iliachana na washambuliaji wake wawili, Jean Baleke na Moses Phiri, ikawaleta Freddy Michael Koublan na Pa Omar Jobe. Kwa maneno mengine, kocha aliyekuwa na wiki chache kazini alibadilishiwa safu ya mbele huku ligi, kombe na michuano ya Afrika vikiendelea.

Wiki tatu za machungu

Siku nne tu baada ya mabao sita dhidi ya Jwaneng ndipo Mbangula alipofanya yake Morogoro. Machi 29 Al Ahly ilishinda 1-0 Dar es Salaam, na Aprili 5 ikashinda 2-0 Cairo.

Aprili 9 ikaja aibu ambayo kwa wakazi wa huku ilikuwa na ladha ya pekee. Mashujaa ya Kigoma, timu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu msimu huohuo, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1 kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Ni mwambao wa ziwa lilelile linalowapa riziki wavuvi wa Kirando na Kipili hapa Nkasi.

Aprili 20 Yanga ilishinda tena, safari hii 2-1. Hivyo ndani ya takriban wiki tatu Simba ilikuwa imetoka Ligi ya Mabingwa, imetoka Kombe la Shirikisho, na matumaini yake ya ubingwa wa ligi yamezimika.

Aprili 27 ilitwaa Kombe la Muungano visiwani Zanzibar kwa kuifunga Azam 1-0. Siku iliyofuata klabu ilitangaza kuachana na Benchikha, kwa sababu zilizoelezwa kuwa za kifamilia. Alikuwa amedumu miezi mitano. Juma Mgunda akakabidhiwa timu kumalizia msimu.

Yanga ilimaliza bingwa ikiwa na pointi 80. Azam na Simba zilifungana kwa pointi 69 kila moja, lakini Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao. Kwa klabu nyingine, nafasi ya tatu ni sherehe. Kwa Simba ulikuwa msimu wa kushindwa, kwa sababu uliifungia mlango wa Ligi ya Mabingwa Afrika na kuipeleka kwenye Kombe la Shirikisho Afrika.

Hesabu inayokataa kumlaumu kocha

Wapo wanaosema kwamba Simba iliporomoka kwa sababu ya kubadilisha makocha hovyo. Hoja hiyo ina uzito wake. Tangu Gomes alipoondoka Oktoba 2021 hadi Benchikha alipoondoka Aprili 2024, klabu hiyo ilipitia mikononi mwa Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Benchikha, huku Mgunda akiitwa mara mbili kuziba pengo. Upande wa pili, Yanga ilikaa na Nasreddine Nabi kuanzia Aprili 2021 hadi Juni 2023 na kuvuna mataji.

Lakini tuirudie historia kwa utulivu. Simba ilipotwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, je, ilikuwa na kocha mmoja? La hasha. Msimu wa 2017/18 ulianza na Joseph Omog ukamalizika na Pierre Lechantre. Patrick Aussems alichukua taji la 2018/19, akafutwa kazi Novemba 2019, na Sven Vandenbroeck akamalizia. Vandenbroeck naye aliondoka Januari 2021, na Gomes akamalizia msimu huo.

Maana yake ni kwamba katika misimu mitatu kati ya minne ya ubingwa, Simba ilibadilisha kocha katikati ya safari na bado ikafika. Yanga nayo ilifanya vivyo hivyo msimu wa 2024/25: ilianza na Miguel Gamondi, ikaenda kwa Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi, na ikatwaa ubingwa wake wa nne mfululizo.

Kama kubadilisha kocha ndiyo sumu, mbona haikuwaua hao? Na kama kubadilisha kocha ndiyo dawa, mbona Benchikha hakuiponya Simba? Ukweli ni kwamba kocha mpya hukuza kile anachokikuta. Akikuta kikosi kilichoshiba, hata ngeni yake haionekani. Akikuta kikosi kilichochoka, uchovu wote huandikwa kwa jina lake.

Kilichokuwa kimechoka

Simba ya mataji manne ilijengwa kwa miaka. Mwaka 2017 ilichukua kutoka Azam kipa Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco kwa mkupuo. Mwaka uliofuata wakaja Meddie Kagere, Pascal Wawa na Clatous Chama. Januari 2020 akaja Luis Miquissone. Kagere alikuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, na Bocco akafuatia msimu wa 2020/21. Makocha walipokuwa wakipishana mlangoni, wachezaji hao walibaki chumbani.

Agosti 2021 Miquissone aliuzwa Al Ahly na Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco. Fedha ziliingia, lakini nafasi zao hazikuzibwa kwa watu wa kiwango chao. Badala yake wote wawili walirudishwa baadaye, Chama Januari 2022 na Miquissone mwaka 2023, kana kwamba muda ungeweza kurudishwa pamoja nao. Tangu dirisha lile la mwaka 2021 hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika, Simba haikuwa imeuonja tena ubingwa wa ligi.

Hivyo Benchikha alipowasili, nahodha Bocco alikuwa na miaka 34 na alikuwa akielekea ukingoni. Saido Ntibazonkiza, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2022/23 sambamba na Fiston Mayele wa Yanga, alikuwa na miaka 36. Manula alikuwa ameandamwa na majeraha. Hao ni wachezaji walioitumikia klabu kwa heshima, na kuwataja hapa si kuwadharau. Lakini mechi tano ngumu ndani ya wiki chache hazimheshimu mtu kwa alichokifanya juzi.

Linganisha na jirani. Katikati ya mwaka 2023 Yanga nayo ilimpoteza Mayele, Yannick Bangala, Djuma Shaban na Feisal Salum, pamoja na kocha Nabi. Lakini uti wa mgongo haukuguswa. Djigui Diarra alibaki langoni, Dickson Job na Ibrahim Bacca walibaki nyuma, Khalid Aucho alibaki katikati, na Aziz Ki alibaki mbele. Nzengeli, Pacome na Yao Kouassi waliongezwa juu ya mwili uliokuwa umesimama. Gamondi alikuwa mgeni kama Benchikha, ila yeye alikaribishwa kwenye nyumba yenye nguzo.

Duniani nako ni hivyo

Wasomaji wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza watakumbuka msimu wa 2013/14. Manchester United, mabingwa watetezi, walimpokea David Moyes baada ya Sir Alex Ferguson kustaafu. Aprili 2014 Moyes alifukuzwa, na timu ikamaliza katika nafasi ya saba. Alilaumiwa kwa kila kitu. Lakini Rio Ferdinand, Nemanja Vidic, Patrice Evra na Ryan Giggs walikuwa wamezeeka pamoja, na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kuwarithi. Miaka iliyofuata makocha wenye majina makubwa zaidi ya Moyes walipita Old Trafford, na ubingwa haukurejea.

Ferguson mwenyewe alimaliza wa 11 katika msimu wake wa kwanza, 1986/87, na wa 13 msimu wa 1989/90. Muda aliopewa aliutumia kubadilisha kikosi.

Uhunzi wa Wafipa

Wazee wa Ufipa wanalielewa jambo hili pengine kuliko wachambuzi wa mijini. Zamani, kabla ya chuma cha dukani kuzagaa, Wafipa walisifika kwa uhunzi. Walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, wakayajaza mawe ya chuma na makaa. Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikafika kwa mhunzi wa kukifua.

Mhunzi hodari angeweza kutengeneza jembe zuri kutokana na chuma kizuri. Lakini kama mawe yalikuwa hafifu au makaa hayakutosha, hakuna aliyefukuza wahunzi wanne kwa miaka mitatu akitumaini kwamba wa tano angeufanya udongo kuwa chuma. Walirudi mlimani kutafuta mawe mengine.

Simba nayo ilirudi mlimani, ingawa kwa kuchelewa. Juni 2024 Salim Abdallah 'Try Again' aliachia uenyekiti wa bodi na Mohammed Dewji akarejea katika nafasi hiyo. Bocco, Ntibazonkiza, Chama, Henock Inonga na wengine wakaondoka. Wakaletwa vijana: Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, Debora Fernandes, kipa Moussa Camara. Kocha Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini akapewa chuma kipya.

Matokeo yalionekana. Msimu wa 2024/25 Simba haikutwaa ligi, kwani Juni 25, 2025 Yanga ilishinda 2-0 katika mchezo wa kuamua bingwa. Lakini ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza barani tangu mwaka 1993, ikafungwa na Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi. Mlango uleule ambao nafasi ya tatu iliwasukumia ndio uliowapeleka fainali.

Kisha mchezo ukajirudia. Septemba 2025 Fadlu aliondoka kwenda Raja Casablanca. Dimitar Pantev wa Bulgaria aliingia Oktoba na kutoka Desemba 2025, na nafasi yake ikachukuliwa na Steve Barker, ambaye Simba ilikutana naye akiwa na Stellenbosch katika nusu fainali ya Afrika mwaka huohuo. Mara nyingine tena klabu ilimchagua kocha kwa kumwona upande wa pili wa uwanja.

Anayelipa gharama

Wapo watakaouliza yanamhusu nini mkazi wa Namanyere mambo ya bodi iliyoko Dar es Salaam. Yanamhusu sana. Mkoa wa Rukwa hauna timu yake Ligi Kuu, hivyo mkulima wa mahindi na mvuvi wa dagaa wa huku wamejichagulia timu za mbali na kuzipenda kama zao. Wanalipa kiingilio cha kibanda umiza, wananunua jezi, na Prisons ilipokuwa Sumbawanga walikwea mabasi kwenda kuwaona kwa macho wale waliozoea kuwasikia redioni.

Mtu huyo hana kura katika kikao cha kumwajiri kocha. Anachoweza kudai ni ukweli. Kila mara uongozi unapotangaza kwamba tatizo limepata jina na jina hilo limeshapandishwa ndege, shabiki huyu anauziwa tumaini bila kuonyeshwa orodha ya usajili, umri wa wachezaji, wala mpango wa kuwarithi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walinena. Ni sahihi. Lakini wahenga hao hawakusema kwamba kubadilisha mhunzi kutalirudisha koleo. Siku Simba itakapofungwa tena, na siku hiyo itakuja kwa kuwa mpira ndivyo ulivyo, wanachama wasikimbilie kuuliza kocha ni nani. Waulize kwanza amepewa nini mkononi, na nani alimchagulia.